Mfuko wa bure ulipotiwa bei



Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 4 Machi mwaka 2002, wateja walioingia madukani kote katika Jamhuri ya Ireland waliulizwa swali ambalo hawakuwa wamelizoea: je, unahitaji mfuko? Hadi jana yake swali hilo halikuwa na maana. Ulinunua mkate na maziwa, mfuko wa plastiki ukafuata wenyewe, na mara nyingine ukapewa wa pili kuushika wa kwanza. Siku hiyo mfuko ulikuwa na bei, nayo ilikuwa senti 15 za Yuro. Bei hiyo haikupangwa na mwenye duka. Ilipangwa na serikali, na mwenye duka alikatazwa na sheria kumsamehe mteja hata senti moja.

Sarafu zenyewe zilikuwa bado ngeni mikononi. Yuro ilianza kutumika tarehe 1 Januari mwaka huo, na pauni ya Ireland iliacha kuwa fedha halali tarehe 9 Februari. Kwa hiyo watu ambao hawajamaliza kujifunza thamani ya senti mpya walitakiwa kutoa 15 kati ya hizo kwa kitu ambacho hawakuwahi kukilipia. Wengi walitabiri kwamba ushuru huo ungezua ghadhabu kisha ufe. Haukufa. Miaka 5 baadaye wanauchumi 3, Frank Convery, Simon McDonnell na Susana Ferreira, waliandika makala ya kitaalamu ambayo jina lake lilikuwa swali: je, huu ndio ushuru unaopendwa kuliko wote barani Ulaya?

Ushuru na kupendwa ni maneno mawili yasiyozoea kukaa pamoja. Hebu basi tufuatilie jinsi yalivyokutana, na kwa nini katika nchi nyingine hayakukutana.

Mfuko ulikotoka

Mfuko mwembamba wa plastiki wenye mikono miwili una umri mdogo kuliko wengi wanavyodhani. Ulibuniwa na mhandisi wa Sweden, Sten Gustaf Thulin, aliyekuwa akiifanyia kazi kampuni ya Celloplast katika mji wa Norrköping. Alichukua bomba bapa la plastiki, akaliziba chini na juu kwa joto, kisha akakata sehemu ya juu ili mikono na mfuko viwe kipande kimoja. Hataza yake nchini Marekani ilitolewa mwaka 1965. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mfuko huo ulianza kuingia katika maduka makubwa ya Marekani, na katika miaka ya 1980 ulikuwa umeenea karibu kila mahali.

Kuna kejeli fulani katika historia hiyo. Mtoto wa Thulin, Raoul, ameeleza kwamba baba yake aliuona mfuko huo kuwa njia ya kuinusuru miti iliyokatwa kwa ajili ya mifuko ya karatasi, na kwamba yeye mwenyewe alitembea na mmoja ameukunja mfukoni, akautumia tena na tena. Hakufikiria kwamba watu wangeutumia kwa dakika chache kisha wautupe. Lakini kitu cha bure hakitunzwi. Sifa zake zote, wepesi, uimara na kutolowa maji, ziligeuka kuwa maudhi siku ulipotupwa: wepesi uliufanya upeperuke, na uimara uliufanya usioze.

Kwetu Afrika Mashariki mfuko huo uliwakuta watu wakienda sokoni na kikapu cha ukili, pakacha au kiondo. Uliviondoa vyote hivyo mkononi kwa muda mfupi, nao ukapata majina ya nyumbani: rambo kwa Watanzania, juala kwa Wakenya na kaveera kwa Waganda. Kitu kikishapewa jina la mtaani, ujue kimekuwa mwenyeji.

Ireland kabla ya ushuru

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ireland ilikuwa nchi ya watu wasiofika milioni 4, nayo ilikadiriwa kutumia mifuko ya plastiki ipatayo bilioni 1.2 kwa mwaka. Hiyo ni takriban mifuko 328 kwa kila mtu, inakaribia mmoja kila siku iendayo kwa Mungu. Kwa idadi ya takataka zilizohesabiwa barabarani, mifuko ilikuwa kama asilimia 5. Asilimia hiyo yaweza kuonekana ndogo, lakini mfuko si kama kichungi cha sigara. Unapeperuka, unanasa kwenye ua wa shamba na matawi ya miti, na unaonekana kutoka mbali. Wenyeji walikuwa na jina la kimzaha kwa mifuko iliyokuwa ikipepea mitini: nguo za ndani za wachawi. Katika nchi inayojivunia mashamba yake ya kijani na kutegemea watalii, mzaha huo ulikuwa na uchungu ndani yake.

Waziri wa Mazingira wa wakati huo, Noel Dempsey, alikuwa na ripoti ya washauri iliyokamilika mwaka 1999. Ripoti hiyo ilielekea kupendekeza ushuru utozwe juu, kwa watengenezaji na waagizaji wa mifuko, kama Denmark ilivyokuwa imefanya tangu mapema miaka ya 1990. Njia hiyo ina wepesi wake: walipaji ni wachache, na ni rahisi kuwafuatilia. Lakini pia ina udhaifu. Mwenye duka akitozwa, gharama huingizwa kimyakimya katika bei ya sukari na unga, na mteja aliyechukua mifuko 10 hulipa sawa na jirani yake aliyekuja na kikapu. Mteja haoni kitu, kwa hiyo habadili kitu.

Dempsey alichagua njia ya pili. Ushuru ungelipwa na mteja mwenyewe, pale penye mashine ya fedha, na ungeandikwa katika risiti ukiwa umetengwa na bidhaa nyingine. Kuhusu kiasi, watafiti walikuwa wamewauliza wananchi wako tayari kulipa kiasi gani kwa mfuko mmoja. Wastani wa majibu ulikuwa kama senti 2.4. Serikali ikaweka senti 15, yaani zaidi ya mara 6 ya kile ambacho watu walisema wangekubali. Hapakuwa na makosa ya hesabu hapo. Senti 2 zingelipwa na kusahauliwa. Senti 15 zilikusudiwa zimfanye mtu asimame kidogo na kufikiri.

Manung'uniko

Sheria ya kuruhusu ushuru huo ilipitishwa mwaka 2001, na kabla ya kuanza kutumika malalamiko yalikuja kutoka pande tatu.

Wa kwanza walikuwa wenye maduka. Hofu yao kubwa ilikuwa kulaumiwa: mteja angedhani kwamba duka limepata njia mpya ya kumkamua. Waliogopa pia wizi, kwa sababu mteja mwenye mfuko wake mwenyewe si rahisi kumtofautisha na mwizi, na mfuko wa duka ulikuwa aina ya hati ya kuonyesha kwamba mali imelipiwa. Na walichelea kazi ya hesabu.

Wa pili walikuwa wauza nyama na samaki, waliosema kwamba damu na maji ya nyama mbichi vikichanganyika na mkate katika kikapu kimoja, afya za watu zingekuwa hatarini. Hoja hiyo ilikubaliwa. Nyama, samaki na kuku wasiofungashwa waliondolewa katika ushuru, kadhalika matunda na mboga zinazopimwa, mradi mfuko wenyewe usizidi ukubwa fulani.

Wa tatu walikuwa watu wa kawaida, na malalamiko yao yafaa yasikilizwe kwa makini, kwa sababu yamerudiwa katika kila nchi iliyofuata. Wengi walisema kwamba mfuko wa duka hawakuutupa bali waliutilia taka za jikoni. Sasa wangelazimika kununua mifuko ya taka, ambayo nayo ni plastiki. Wengine waliuliza kwa nini mnunuzi wa mkate abebe lawama ilhali mkate huo, na kila kitu kilichoko rafuni, kimefungwa kwa plastiki ambayo hakuiomba. Na wapo waliosema neno moja tu: hii ni kodi nyingine, wamebadili jina.

Serikali ilijibu kwa mpangilio zaidi kuliko kwa maneno. Kabla ya siku ya kuanza ilitangaza sana sababu za ushuru huo. Wenye maduka walirahisishiwa kazi: waliwasilisha ushuru kwa mamlaka ileile ya mapato inayopokea kodi ya ongezeko la thamani, kwa utaratibu walioujua tayari. Na fedha zilizopatikana hazikutiwa katika kapu kuu la hazina. Ziliingia katika Mfuko wa Mazingira, uliowekwa na sheria kugharimia mambo kama vituo vya kupokelea taka zinazoweza kutumika tena. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, na mwananchi aliambiwa mapema lingeandikwa nini.

Kilichotokea

Katika miezi 3 ya mwanzo zilikusanywa takriban Yuro milioni 3.5, na matumizi ya mifuko yalishuka kwa zaidi ya asilimia 90. Kutoka mifuko 328 kwa mtu kwa mwaka, Ireland ilifika kwenye 21. Katika hesabu za takataka za barabarani, mifuko ilishuka kutoka asilimia 5 hadi asilimia 0.32 mwaka 2002, na mwaka 2004 ilikuwa asilimia 0.22. Ni nadra sana kodi kufikia lengo lake kwa kasi hiyo, na ni nadra zaidi kwa serikali kufurahia kodi ambayo watu wanaikwepa. Lakini huu uliwekwa ili ukwepwe.

Takwimu hazisemi yote. Kitu cha ajabu zaidi kilitokea katika macho ya watu. Mtu aliyesahau mfuko wake na kulazimika kununua wa plastiki alianza kujihisi kama mgeni aliyeingia na viatu kwenye mkeka. Hakuna sheria iliyomwaibisha. Majirani zake walitosha. Wengi walionekana wakitoka madukani wamekumbatia vitu kifuani, mkate kwapani na mayai mkononi, kuliko kutoa senti 15. Kwa mwenye mshahara wa Ulaya senti hizo hazikuwa kitu. Aliyokuwa akiikwepa ni ile sekunde moja ya kuulizwa, mbele ya foleni, kama anataka mfuko.

Wenye maduka nao waligeuka. Waligundua kwamba walikuwa wameokoa gharama ya kununua mamilioni ya mifuko na kuitoa bure, na kwamba wateja hawakuwalaumu wao, kwa sababu kila mtu alijua fedha zinakwenda wapi. Wanauchumi wale 3 waliona kwamba baada ya muda, mwanasiasa ambaye angethubutu kuufuta ushuru huo ndiye ambaye angepata madhara kwa wapiga kura.

Hata hivyo mazoea ni kama moto wa makaa, usipochochewa hufifia. Kufikia mwaka 2006 matumizi yalikuwa yamepanda tena hadi karibu mifuko 31 kwa mtu. Senti 15 zilikuwa zimezoeleka. Tarehe 1 Julai mwaka 2007 ushuru ukapandishwa hadi senti 22.

Ng'ambo ya bahari: Uingereza

Msikilizaji anayeishi Uingereza atakumbuka kwamba huko safari ilikuwa ndefu zaidi. Mwezi Mei mwaka 2007 mji mdogo wa Modbury, katika jimbo la Devon, uliacha kutoa mifuko ya plastiki kwa hiari ya wenye maduka wake. Aliyewashawishi alikuwa Rebecca Hosking, mpiga picha za filamu za BBC, aliyerejea kutoka visiwa vya Hawaii baada ya kushuhudia makinda ya ndege wa baharini waliokufa matumbo yao yamejaa vipande vya plastiki. Mwaka uliofuata gazeti la Daily Mail lilianzisha kampeni dhidi ya mifuko hiyo, na Waziri Mkuu Gordon Brown akasema wenye maduka wasipochukua hatua kwa hiari, sheria itawalazimisha.

Sheria ilikuja kwa vipande. Wales ilianza tarehe 1 Oktoba mwaka 2011 kwa peni 5, ikafuatiwa na Ireland ya Kaskazini mwezi Aprili mwaka 2013, na Scotland mwezi Oktoba mwaka 2014. England, yenye watu wengi kuliko zote, ilikuwa ya mwisho: tarehe 5 Oktoba mwaka 2015. Mwaka mmoja kabla ya hapo, maduka makubwa 7 ya England yalikuwa yametoa mifuko bilioni 7.6, takriban 140 kwa kila mtu.

Kelele zilizosikika England zilizidi zile za Ireland, na sababu moja ilikuwa sheria yenyewe. Iliwahusu wafanyabiashara wenye waajiriwa 250 au zaidi peke yao, ikawaacha wadogo. Kisha ilikuwa na orodha ya vitu ambavyo mnunuzi wake angeweza kupewa mfuko bure: nyama mbichi isiyofungwa, mbegu, dawa za cheti cha daktari, kisu kisichofunikwa, hata samaki hai ndani ya maji. Magazeti yaliicheka orodha hiyo kwa siku kadhaa, yakatabiri vurugu na ugomvi mbele ya mashine za fedha. Wachekeshaji walipata kazi. Jumatatu ilipofika, watu walinung'unika kidogo, wakapapasa mifuko yao ya makoti, kisha wakaenda nyumbani. Katika miezi 6 ya mwanzo idadi ya mifuko ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya asilimia 80.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff waliochunguza maoni ya watu wa Wales na baadaye England waliona jambo lilelile lililoonekana Ireland: wanaounga mkono malipo hayo waliongezeka baada ya kuanza, si kabla. Watu hawakushawishika kwanza ndipo wakabadili tabia. Walibadili tabia, kisha wakashawishika. Tarehe 21 Mei mwaka 2021 malipo ya England yalipandishwa hadi peni 10 na kuyahusu maduka yote, makubwa na madogo, na safari hii kelele zilikuwa chache mno.

Pale wananchi walipokataa

Tusije tukadhani kwamba ushuru huu umeshinda kila ulikopita. Katika mji wa Seattle, Marekani, baraza la mji lilipitisha mwaka 2008 malipo ya senti 20 kwa kila mfuko. Kabla hayajaanza, wapinzani walikusanya saini za kutosha kulipeleka suala hilo kwa wapiga kura. Baraza la kampuni za kemikali la Marekani lilitumia zaidi ya dola milioni moja katika kampeni ya kulipinga. Mwezi Agosti mwaka 2009 wakazi wa Seattle, mji unaojulikana kwa kupenda mazingira, waliyakataa malipo hayo.

Miezi michache baadaye, tarehe 1 Januari mwaka 2010, mji mkuu Washington ulianza kutoza senti 5 tu, nao ulifanikiwa. Huko fedha zilifungamanishwa na jambo moja ambalo kila mkazi angeweza kwenda kulitazama: kuusafisha Mto Anacostia, unaopita katikati ya mitaa yao ukiwa umesheheni takataka. Mtu aliyeombwa senti 5 aliambiwa ni za mto gani. Wa Seattle aliombwa senti 20 wakati uchumi ulikuwa umeanguka, na hoja iliyomfikia kwa sauti kubwa kuliko zote ilikuwa kwamba anaongezewa gharama ya chakula.

Afrika Kusini nayo ina somo lake. Waziri Valli Moosa aliiita mifuko iliyozagaa kwenye nyua za waya kuwa ua la taifa. Tarehe 9 Mei mwaka 2003 nchi hiyo ilipiga marufuku mifuko myembamba na kuagiza iliyo minene iuzwe. Vyama vya wafanyakazi vilihofia ajira viwandani, na kanuni zililegezwa baada ya majadiliano marefu. Mwanzoni mfuko uliuzwa kwa senti 46 za Randi na matumizi yakaporomoka. Lakini bei iliachwa mikononi mwa wenye maduka, nao wakaishusha. Wateja wakazoea, na matumizi yakaanza kupanda. Kampuni iliyoundwa kuendeleza urejelezaji kwa fedha za ushuru haikuwaridhisha wengi, na ilikuja kuvunjwa. Ushuru ulibaki, imani ikaondoka.

Kwa nini Afrika Mashariki ilichagua marufuku

Hapa ndipo hadithi inapotufikia sisi wenyewe. Utafiti uliofanywa Kenya mwaka 2005 kwa kushirikiana na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake makuu Nairobi, ulipendekeza kupiga marufuku mifuko myembamba na kutoza ushuru iliyobaki. Profesa Wangari Maathai, aliyekuwa ametunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alikuwa akionya kwamba mifuko inayotuamisha maji inawapa mbu mahali pa kuzaliana. Katika bajeti ya mwezi Juni mwaka 2007, Waziri wa Fedha Amos Kimunya alitangaza marufuku ya mifuko myembamba pamoja na ushuru mkubwa kwa mingineyo. Wenye viwanda walipinga, na hatua hiyo haikuleta mabadiliko sokoni. Jaribio jingine la mwaka 2011 pia halikufika mbali.

Ukilinganisha na Ireland, tofauti inaonekana. Sehemu kubwa ya mifuko ya Ireland ilitoka nchi za nje, kwa hiyo waliopoteza kazi hawakuwa na sauti kubwa Dublin. Kenya ilikuwa na viwanda vyake, vilivyouza mifuko katika eneo zima, na chama cha wenye viwanda kilisema makumi ya maelfu ya ajira yamo hatarini. Lakini tofauti kubwa zaidi ilikuwa sokoni. Ushuru wa Ireland ulihitaji mashine ya fedha, risiti na mwenye duka aliyeandikishwa kulipa kodi. Mama anayeuza nyanya Kariakoo au Gikomba hana mashine wala risiti. Nani angezihesabu senti zake, na nani angezifikisha katika mfuko wa mazingira? Ushuru wa aina hiyo ungeyashika maduka makubwa ya mjini na kuliacha soko, na soko ndiko watu wengi wanakonunua.

Ndiyo maana eneo letu lilichagua njia kali zaidi. Zanzibar, visiwa vinavyotegemea fukwe safi, ilitangaza marufuku mwaka 2006. Rwanda ilifuata mwaka 2008 na kuisimamia kwa ukali hata mizigo ya wasafiri ikapekuliwa mipakani. Kenya ilifika huko tarehe 28 Agosti mwaka 2017, kwa sheria iliyotaja faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Tanzania Bara ilianza tarehe 1 Juni mwaka 2019.

Marufuku haikuwaomba watu maoni pembeni ya mashine ya fedha. Iliwakuta wachuuzi wakiwa na mifuko waliyokwisha kuinunua, na ikawakuta wakazi wa mitaa isiyo na vyoo, ambao mfuko kwao ulikuwa na kazi ambayo hakuna waziri aliyependa kuitaja. Magendo yalizuka mipakani. Lakini mitaro ya maji katika miji mingi ilipata nafuu, na jambo moja halikutangazwa na mtu: mfuko mbadala wa kitambaa au karatasi ulioingia sokoni hautolewi bure. Mnunuzi anaulipia. Kwa hiyo bei ambayo serikali zilishindwa kuiweka kwa ushuru ilikuja kwa mlango wa nyuma, ikiwa na tofauti kubwa moja: haina daftari la mazingira. Inaishia kwa muuzaji.

Hata wasikilizaji wetu walioko Ghuba wameyaona haya. Dubai ilianza kutoza fili 25 kwa mfuko mwezi Julai mwaka 2022, kisha mwaka 2024 ikaupiga marufuku kabisa mfuko wa kutumika mara moja. Oman ilikuwa imeanza na marufuku mwezi Januari mwaka 2021.

Mizani

Je, senti zile ziliisaidia bahari? Kuna ushahidi wa kutia moyo. Wanasayansi wa Uingereza waliochunguza takataka za sakafu ya bahari zinazowazunguka kwa miaka 25 walieleza mwaka 2018 kwamba mifuko ya plastiki ilikuwa imepungua katika nyavu zao. Katika utafiti huohuo plastiki nyingine, zikiwamo zana za uvuvi, zilikuwa zimeongezeka, na jumla yake haikupungua.

Aidha mfuko uliochukua nafasi ya ule mwembamba una hesabu yake. Uchunguzi wa mamlaka ya mazingira ya England uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mfuko wa pamba lazima utumike mara 131 ndipo athari yake kwa hali ya hewa iwe ndogo kuliko ya mfuko mmoja mwembamba uliotumika mara moja. Na mifuko minene inayouzwa Uingereza ili itumike maisha yote ilikuja kununuliwa kwa wingi wa kustaajabisha: mashirika ya mazingira yaliripoti mwaka 2019 kwamba kila kaya ilikuwa imenunua takriban 54 kwa mwaka. Hakuna mtu mwenye maisha 54.

Basi wale watu wa Ireland waliouliza kwa nini mnunuzi wa mkate abebe lawama ya plastiki yote hawakuwa wakaidi tu. Swali lao bado halijajibiwa. Ushuru wa mfuko ulimgusa mteja, kwa sababu mteja ndiye mwepesi kumfikia; mtengenezaji wa ule mfuko uliofunga mkate hakuulizwa chochote siku ile ya Machi mwaka 2002. Lakini historia hii inatuonyesha pia kwamba mazoea ya taifa zima, yaliyodhaniwa kuwa hayaondoki, yaliondoka katika majira ya kuchipua ya mwaka mmoja. Watu walikubali kutozwa walipoona kiasi kinaeleweka, sababu inaonekana na fedha zina mahali pa kwenda. Pale kimojawapo kilipokosekana, iwe Seattle au Johannesburg, walikataa, au walilipa na kuendelea kama kwanza.

Bibi zetu waliokwenda sokoni na kikapu cha ukili hawakuhitaji waziri wa kuwakumbusha. Kikapu kilikuwa na bei, kilisukwa kwa mikono ya mtu waliyemjua, na kikichakaa kilishonwa. Sisi tuliokizoea cha bure ndio tuliohitaji senti 15 kukumbuka kwamba hakikuwa bure.